Jibu: 1,000,001 ni namba tasa?

Mkuu wa Tukuyu, umeuliza kama 1,000,001 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe, maana kijana wako kajaribu kugawanya kwa 3, 7, 11 na 13, zote zikagoma. Siyo tasa. Milioni ni 100 × 100 × 100. Ukiongeza 1 inafunguka: (100 + 1) × (10,000 − 100 + 1), yaani 101 × 9,901. Viazi vya Uyole vikiwa idadi hiyo, panga mafungu 101, hakibaki hata kimoja. Hizo mbili zenyewe ni tasa, hivyo vigawo vyake vyote ni vinne tu. Kusomeka sawa mbele na nyuma ni sura tu, hakumsaidii kijana kuigawanya. Utamu uko kwenye miraba: 1,000² + 1², na pia 980² + 199². Mpe kijana aipige kwa kalamu, simu aweke pembeni.