Kwa nini chanjo ya kideri haikuwakinga kuku walionusurika Gumboro?

SWALI: Mimi ni mfugaji wa kuku wa Pongwe, Tanga. Vifaranga wangu waliugua Gumboro walipofikisha majuma matatu. Wengine walikufa, wengine wakapona wakachangamka kama kawaida. Baadaye niliwatia wote tone la chanjo ya kideri jichoni, lakini kideri kilipoingia mtaani kiliwazoa. Je, niliuziwa chanjo mbovu?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa hasara hiyo. Chanjo isipotunzwa vizuri huharibika, hilo ni kweli, lakini kwa mpangilio wa matukio uliotueleza naishuku zaidi Gumboro yenyewe.

Ukimchinja kifaranga wa mwezi mmoja, tazama juu ya mwisho wa utumbo, karibu kabisa na tundu la kinyesi. Utaona kifuko cha mviringo, cheupe kama maziwa, kikubwa kiasi cha kunazi, na ukikipasua utakuta ndani kina mikunjo mikunjo. Wengi wetu hukitupa pamoja na matumbo. Kifuko hicho huitwa bursa, na kuku anapopevuka husinyaa. Kazi yake ilikuwa fumbo mpaka mwaka 1956, Bruce Glick wa Marekani na wenzake walipochapisha kwamba kuku walioondolewa bursa wangali wachanga hushindwa kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazovinasa vijidudu vya maradhi. Herufi B katika jina la seli B, seli za kinga ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, imetoka humo, katika kifuko cha kuku. Sisi binadamu hatuna bursa, na seli zetu za aina hiyo hukulia katika uboho wa mifupa.

Ndani ya bursa kila seli B changa huirekebisha jeni ya kipokezi chake, yaani sehemu yake ya kumshikia adui, kwa kunakili vipande vya jeni jirani, hata kipokezi cha hii kisifanane na cha ile. Kwa njia hiyo kuku hupata seli nyingi mno, kila moja ikiwa tayari kumtambua adui wake ambaye bado hajaonekana, kisha seli hizo huhama kwenda kwenye wengu na sehemu nyingine za mwili.

Chanjo inapoingia, seli chache tu ndizo zenye kipokezi kinachoishika. Seli B iliyoishika huimeza, huivunja, na kukionyesha kipande chake kwa seli T saidizi, seli nyingine ya kinga. Hii ikikitambua, huipa ile B idhini ya kuendelea. Hapo ndipo inapogawanyika mara nyingi: baadhi ya uzao wake huwa seli plazma, zinazomwaga kingamwili katika damu, na baadhi hubaki kuwa seli za kumbukumbu. Kazi hii huchukua siku kadhaa, ndiyo maana kuku aliyechanjwa asubuhi hana kinga jioni. (Kwetu sisi hufanyika pia katika tezi za limfu, zile zinazovimba tukasema tuna mitoki.)

Sasa, kirusi cha Gumboro hushambulia hasa seli B changa ndani ya bursa. Kuku akipona hula na kukimbia, nawe huna sababu ya kumtilia shaka, lakini seli ambazo zingeipokea chanjo ya kideri zimekwisha kuteketea kwa wingi. Kifaranga aliyeambukizwa kabla ya majuma matatu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa huenda asionyeshe dalili yoyote na kinga yake ikawa imedhoofika moja kwa moja.

Kwa kundi lijalo, wachanje Gumboro kwanza, kwa kawaida karibu na siku ya 14, na urudie kama chupa inavyoelekeza. Usiwahi mno, kwani kingamwili walizorithi kwa mama kupitia yai huweza kuiua chanjo. Banda nalo lisafishwe na kupulizwa dawa, matandiko ya zamani yachomwe, maana kirusi hiki hudumu bandani kwa miezi. Na kifaranga yeyote akifa, mpasue au mpeleke kwa ofisa mifugo, mwitazame ile bursa: ikiwa imevimba, ina damu, au imesinyaa kabla ya wakati wake, chanjo ya kideri isubiri ushauri wake.