Barua kwa mwanangu: ile nafasi unayoona haya kuiombea

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, baba yako naye akaisoma kwa sauti, na kama kawaida yake akaanza kuijibu kabla hajafika mwisho. Unauliza utajuaje kama unachomwomba Mungu ni hitaji au ni tamaa tu. Kazi unayo, unasema, hulali njaa, ila kuna ile nafasi ya juu unayoitaka mpaka usingizi unakatika, na ukipiga magoti unaona haya kuitaja.

Mimi nimebaki hapo kwenye haya. Nani alikufundisha kumwonea haya Mungu? Si mimi. Umekua ukinisikia nikisema, na nitasema tena: toa la moyoni kwanza, kuchambua ni kazi yake. Fungua Marko sura ya 10. Wana wa Zebedayo wanakwenda kwa Yesu na ombi lao, naye anawauliza wanataka awafanyie nini. Wanataka viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Sura hiyo hiyo, wakitoka Yeriko, kipofu Bartimayo anapiga kelele mpaka watu wanamkemea, anaitwa, na anaulizwa swali lile lile. Hitaji lake hata mtoto angeliona! Bado aliachwa alitamke kwa kinywa chake. Na wale wa viti waliambiwa hawajui wanaloomba, lakini hawakufukuzwa.

Baba yako akadakia hapa: "Na Yakobo je?" Haya, na Yakobo, yule wa Waraka. Sura ya 4, mstari wa 3, anasema watu huomba wasipate kwa sababu wanaomba vibaya, ili wakavitumie kwa tamaa zao. Siufuti mstari huo. Lakini watu wanaourusha kwa wenzao huuruka wa 2, unaosema hamna kitu kwa kuwa hamwombi. Yote mawili kwa pumzi moja. Nimeyasoma miaka mingi na bado yananivuta huku na huku, kwa sababu liko pia lile la jangwani: mana ilikuwa inashuka, wana wa Israeli wakalilia nyama, wakapewa nyama, na mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa. Zaburi ya 106 inasema Mungu aliwapa walichotaka, akawakondesha roho. Hilo hunitisha kuliko kunyimwa.

Ukali wangu kwenye jambo hili unajua unatoka wapi, ingawa sehemu moja sijawahi kukusimulia. Kwamba tulitaka mtoto wa pili, hilo unalijua. Kwenye kikundi cha maombi tulikuwa tunataja haja zetu kwa zamu, na zamu yangu ilipofika nikataja hiyo. Mzee aliyekuwa akiongoza akanitazama kwa upole, upole kabisa, akasema: "Dada, hitaji lako Mungu alishakupa. Huyo wa pili ni tamaa. Tuwaombee wasio na hata mmoja." Wakaitikia amina. Hiyo amina bado naisikia. Na kilichoniziba mdomo ni kwamba ubavuni mwangu alikaa mwenzangu asiye na mtoto. Ningebisha vipi? Nusu yangu ilikubali kwamba mzee kasema kweli. Nusu nyingine haijakubali hadi leo.

Nilipofika nyumbani nikamfungua Hana wa Samweli wa Kwanza, yule tasa aliyemlilia Mungu ampe mtoto. Mumewe anambembeleza: je, mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Yaani hata Elkana, na alimpenda, aliona mkewe anacho cha kutosha. (Baba yako aliniambia maneno yanayokaribiana na hayo jioni ile. Anakana.) Kuhani Eli naye, alipomwona akiomba, akadhani amelewa. Lakini Eli alipoelezwa aligeuka, akamwambia aende kwa amani, na Mungu amjalie alichoomba. Eli wangu mimi, yule mzee, hakugeuka.

Na mtoto hakuja. Najua kuna waliohesabu kwamba jibu lilimuunga mkono yule mzee. Hapo ndipo ninapokataa. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, na sijamsikia mhubiri akisema kutaka kupona ilikuwa tamaa. Wale wa jangwani walipewa nyama, na hakuna anayesema lilikuwa hitaji. Basi kwa kupewa hutajua, na kwa kunyimwa hutajua. Ukingoja jibu ndilo likuchambulie ombi lako, utasubiri sana.

Utaniambia nimekukwepa. Kidogo. Nikilazimishwa nitasema tazama kinachotokea ndani yako unapolitaja: je, unaweza kuongeza "si kama nitakavyo mimi" bila kuuma meno? Lakini hata hilo silitaki liwe kipimo, maana Bwana mwenyewe Gethsemane alianza na kikombe kiondoke, ndipo akayasema hayo. Alitaja alilotaka. Hakulichuja kwanza.

Kuhusu nafasi yenyewe, kama uifukuzie au uiache, maoni ninayo, nawe unanijua, ulimi unaniwasha. Unavyomwandika huyo bosi anayeondoka kwenye kiti hicho, jinsi alivyokonda na jinsi asivyopokea simu za watoto wake, yamenifanya nikunje uso. Lakini hukuniuliza hilo, na baba yako kaniwekea mkono begani nisiandike zaidi.

Jumapili tupigie, ila nipigie mimi kwanza. Yeye akiishika simu hairudi, na ana Yakobo wake wa kukusomea sura nzima.

Mama yako