Ningemuuliza Ashoka kuhusu mwamba wa Dhauli

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ukipewa dakika moja na mtawala wa zama za kale, ungezungumza na nani, na ungemuuliza nini?" Nadhani barua nyingi zitaelekea kwa Alexander na Cleopatra, na wapenzi wa falsafa watamkimbilia Marcus Aurelius. Dakika yangu naipeleka Pataliputra, mji ambao siku hizi unaitwa Patna, kwa Ashoka, mfalme wa India ya kale wa ukoo wa Maurya. Ningemuuliza hivi: mbona majuto yako hukuyachonga Kalinga?

Ashoka alitawala kuanzia mnamo 268 hadi 232 KK, na dola yake ilienea sehemu kubwa ya Bara Hindi mpaka Afghanistan ya leo. Mwaka wa nane baada ya kutawazwa aliivamia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki, ambayo sasa ni jimbo la Odisha na kipande cha Andhra Pradesh. Yaliyotokea huko tunayajua kwa kinywa cha mshindi mwenyewe. Katika tangazo linalohesabiwa kuwa la 13 kati ya matangazo yake makuu ya mwambani, anasema watu 150,000 waliondolewa makwao kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na wengine wengi zaidi ya hao wakafa. Wafalme wa Ashuru nao walihesabu maiti, lakini wao walikuwa wakijigamba. Huyu anasema moyo unamuuma. Anasema sasa hata sehemu moja ya mia, au ya elfu, ya watu wale wakipatwa na yaliyowapata, yeye angeliona ni jambo zito. Tangu hapo, anasema, ushindi anaoutaka ni wa dhamma, yaani mwenendo mwema: kuwatii wazazi, kuwatendea vizuri watumwa na watumishi, kuwaheshimu Wabrahmini, yaani makuhani wa Kihindu, na watawa wa kila madhehebu.

Ni maneno makubwa kwa mwenye jeshi. Ndiyo maana vitabu vingi husimulia habari zake kama hadithi ya toba: mfalme katili akaona damu, akageuka kuwa mfuasi mwema wa Buddha. Nami niliipenda hadithi hiyo hadi nilipoangalia tangazo lenyewe lilichongwa wapi.

Lilichongwa Girnar, upande wa Gujarat, magharibi kabisa. Liko Kalsi, chini ya milima ya Himalaya, na Erragudi kusini. Liko Shahbazgarhi karibu na Peshawar, kwa maandishi mengine kabisa yaliyosomwa huko. Hata Kandahar kimepatikana kipande chake kwa Kigiriki, maana huko waliishi Wagiriki, na hesabu ya waliouawa imo. Tangazo linadai zaidi ya hayo: kwamba ushindi wa dhamma umefika kwa wafalme wa Kigiriki: kwa Antiochus wa Shamu, kwa Ptolemy wa Misri, na kwa Magas wa Cyrene katika Libya ya leo. (Majina hayo ya wafalme ndiyo yaliyowasaidia wanahistoria kujua Ashoka aliishi lini.)

Sasa nenda Kalinga kwenyewe. Kuna miamba miwili yenye matangazo yake, mmoja Dhauli, karibu na jiji la Bhubaneswar, na mwingine Jaugada. Ule wa Dhauli una tembo aliyechongwa nusu, kichwa na miguu ya mbele, kana kwamba anatoka ndani ya jiwe. Ukiyasoma kwa mfuatano, unapata la 1 hadi la 10, kisha unarukia la 14. La 11, la 12 na la 13 hayapo, wala mvua haikuyafuta. Mahali pake pamewekwa matangazo mengine mawili, yanayowahusu maofisa wa mfalme.

Ndani ya hayo mawili Ashoka anasema: "Watu wote ni watoto wangu." Anawaonya maofisa wasimfunge mtu wala kumtesa bila sababu, na anaahidi kutuma wakaguzi kila baada ya miaka mitano. Anaagiza maneno hayo yasomwe kwa sauti siku maalumu, hata kama msikilizaji ni mmoja tu. Kwa hiyo mtu wa Kalinga asiyejua kusoma aliambiwa kwamba mfalme ni baba yake. Kwamba mfalme huyo anajuta kumwulia mtu huyo baba yake mzazi, hakuambiwa.

Kwetu, aliyemkosea jirani hutafuta wazee wawili, akaenda nao mpaka kibarazani kwa aliyekosewa. Hakuna anayezunguka mtaa mzima akitangaza masikitiko yake na kuiruka nyumba hiyo moja.

Najua jibu ambalo wengi humpa kwa niaba yake: hakutaka kutonesha kidonda, wala kuwakumbusha walioshindwa kwamba walikuwa wengi na walikuwa na haki. Ni jibu la mtu wa serikali, na kwa serikali huenda lilikuwa sahihi. Ila linanifanya niyasome majuto yale kwa jicho jingine. Katika tangazo hilohilo la 13 anawageukia watu wa misituni na kuwaambia kwamba, pamoja na kujuta kwake, nguvu za kuwaadhibu bado anazo. Hakuna mahali katika matangazo yake anaposema Kalinga irudishiwe uhuru, au kwamba wale 150,000 warudishwe kwao. Adhabu ya kifo nayo haikufutwa. Waliohukumiwa kufa waliongezewa siku tatu kabla ya kuuawa.

Simwiti mnafiki. Tangazo la 12, ambalo nalo limerukwa Dhauli, linasema anayesifu dini yake kwa kuzitukana za wengine huiumiza dini yake mwenyewe. Mfalme aliyeyachonga hayo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita anastahili heshima. Lakini kujuta mbele ya Wagiriki wa Kandahar ni kazi nyepesi. Hawakuzika mtu.

Na watu wa Kalinga je, walisemaje? Kilomita chache kutoka Dhauli, kwenye vilima vya Udayagiri, kuna pango liitwalo Hathigumpha. Baada ya dola ya Maurya kuanguka, mfalme wa Kalinga aitwaye Kharavela, mfuasi wa Ujaini, dini ya kale ya India, alichonga humo matendo yake mwaka kwa mwaka. Anajivunia kwamba aliipiga Magadha, nchi yenye mji wa Pataliputra, na mfalme wake akainama miguuni pake. Anajivunia pia kurudisha sanamu takatifu iliyochukuliwa na mfalme wa ukoo wa Nanda, uliotawala kabla ya Maurya. Wizi wa Nanda umeandikwa. Jina la Ashoka halimo, kwa laana wala kwa sifa.

Dakika ikibaki kidogo, nitamuuliza pia kuhusu jikoni kwake. Katika tangazo la 1 alisema wanyama wanaochinjwa kwa ajili ya meza yake wamepunguzwa kutoka maelfu kwa maelfu hadi watatu kwa siku, tausi wawili na swala mmoja, na kwamba baadaye hata hao wataachwa. Ningependa kujua kama tausi wale waliachwa kweli.