Umebakiwa na siku moja Bangkok? Nenda hekalu la wafalme, ila usiende mbio

Mdogo wangu umeuliza mambo mawili, kwamba ukishamaliza kununua mzigo Pratunam, kule kwenye soko la nguo, ukabakiwa na siku moja inafaa kweli kutoa baht 500 kuingia Wat Phra Kaew, hekalu la wafalme pale kwenye Kasri Kuu, na kama Muislamu anaruhusiwa kuingia na mtandio wake. Yote mawili jibu ni ndiyo. Mie naenda Bangkok kwa nguo kama wewe, nimeingia pale nikiwa na mtandio na dera refu la mikono na hamna mtu aliyenisemesha, wala hakuna anayekulazimisha kuinama au kusali, unakaa kwa adabu unaangalia unatoka. Kinachowaponza wengi ni kwenda saa tano jua kali, wanapiga picha getini, wanasukumana nusu saa halafu wanarudi wanasema pale hamna kitu.

Kwanza ujue unaingia wapi. Mwaka 1782 mfalme wa kwanza wa ukoo wa Chakri, yule wanayemwita Rama wa Kwanza, alihamisha makao makuu kutoka Thonburi akavuka mto Chao Phraya akajenga kasri upande huu, na ndani ya ukuta wa kasri akaweka hekalu lake mwenyewe. Ndio maana hutokuta watawa wanaoishi pale kama mahekalu mengine, ile ni sehemu ya ibada ya kifalme na mpaka leo mfalme anakuja kufanya ibada zake.

Sasa ile sanamu yenyewe ya Budha wanaiita ya zumaridi ingawa jiwe lake ni jiwe jingine la kijani, na ni ndogo, kama sentimita 66 tu, imewekwa juu kabisa kwenye kiti cha dhahabu na wewe uko chini mbali. Mtu asiyejua habari yake anavunjika moyo hapo hapo. Lakini masimulizi yao yanasema ilionekana Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand, mwaka 1434, radi ilipiga mnara, ndani ikakutwa sanamu imepakwa plasta, plasta ikabanduka kijani kikatokeza. Ikapita Lampang, ikaenda Chiang Mai, ikavushwa mpaka Luang Prabang na Vientiane huko Laos ikakaa zaidi ya miaka 200, na mwaka 1779 jenerali aliyeiteka Vientiane akaondoka nayo, na jenerali huyo ndiye aliyekuja kuwa Rama wa Kwanza. Yaani kila mfalme aliyekuwa na nguvu alitaka awe nayo yeye. Kule Vientiane jengo walilolijenga kwa ajili yake lilibomolewa likajengwa upya karne ya 20, sasa limekuwa makumbusho, sanamu yenyewe haipo. Mie naona hiyo ndiyo inayofanya pale pawe pazito, unaangalia kitu ambacho majirani wawili, Wathai na Walao, wote wanakiona ni chao.

Na kwa sisi watu wa nguo kuna hili, sanamu inavalishwa. Ina mavazi matatu ya dhahabu na vito, la kiangazi, la mvua na la baridi, na anayebadilisha ni mfalme mwenyewe, au aliyemtuma kwa niaba yake, kila msimu unapogeuka. La kiangazi na la mvua yalitengenezwa enzi za Rama wa Kwanza, la baridi aliliongeza Rama wa Tatu. Kwa hiyo angalia uko msimu gani ujue unaona vazi lipi.

Ndani ya ukumbi ule viatu unavua na picha ni marufuku kabisa, wanasimamia kweli. Kaa chini mkao wa tahiyatu, miguu nyuma, kwa sababu kuelekeza nyayo kwenye sanamu kwao ni utovu mkubwa wa adabu. Kaa hata dakika kumi, utaona Wathai wanakuja na mashada ya maua na ubani wanasali kwa nje, hapo ndo unaelewa kwamba watalii tumekaribishwa tu kwenye ibada ya watu.

Ukitoka usikimbilie geti. Zunguka ule ukumbi wa pembeni wenye michoro ukutani, ni vipande 178 vya hadithi ya Ramakien, ndiyo ile ile ya Rama na Sita wa Wahindi ila kwa mavazi na majumba ya Kithai. Kama umekulia Dar karibu na mahekalu ya Kisutu hadithi hii umeshaisikia kila Diwali. Anzia upande wa kaskazini ufuate mkono wa saa, mtafute Hanuman yule nyani mweupe, na ukichungulia pembeni ya vita utaona watu wa kawaida wanapika, wanacheza, wanagombana. Mie hapo ndo napapenda kuliko dhahabu yote ya nje.

Mavazi: bukta hapana, mikono wazi hapana, suruali zilizochanika hapana, nguo ya kubana hapana. Geti linafunguliwa saa 2 na nusu asubuhi na tiketi mwisho saa 9 na nusu alasiri, uwepo mapema kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Na njiani mtu akikwambia leo pamefungwa, twende na bajaji yangu nikutembeze kwa bei rahisi, endelea na safari yako, atakupeleka kwenye duka la vito na cherehani za suti. Yaliyofungwa utayaambiwa getini na wenye sare.

Tiketi usiitupe kwa sababu inakuingiza pia makumbusho ya vitambaa ya Malkia Sirikit, humo humo ndani ya uzio wa kasri, na watu wengi wanapita mlangoni bila kujua. Kuna hariri za wanakijiji wa Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, nyuzi zinafungwa na kupakwa rangi kabla hazijafumwa, na kuna magauni ambayo Pierre Balmain, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alimshonea malkia kuanzia ziara yake ya Ulaya na Marekani ya 1960. Wewe unauza nguo, nenda, utajifunza zaidi ya unavyojifunza sokoni.

Ukiwa bado na nguvu hekalu jingine, Wat Pho, liko kusini tu ya kasri kwa miguu, baht 300, Budha aliyelala ana urefu wa mita 46. Usafiri usikusumbue, kutoka Pratunam panda boti za mferejini za Saen Saep mpaka kituo cha mwisho upande wa mji mkongwe halafu teksi ya mita kipande kilichobaki, na kurudi ni hivyo hivyo, mchana unakuwa umeshafika kupeleka mzigo wako kwa mtu wa kago.