Damu haipandi? Weka chini hiyo zinki kwanza

Dadangu wa Kisauni, usiongeze kidonge cha chuma hata kimoja! Umeandika mwenyewe: zinki miligramu 50 kutwa mara mbili tangu mwaka jana ili nywele zijae, hemoglobini 8.1, chembe nyeupe chache, feritini (akiba ya chuma) haina neno, nyayo zina ganzi. Halafu waulizia bitiruti?

Aliyekuuzia alikwambia "hiyo ni vitamini tu, haidhuru". Mimi pia niliambiwa hivyo, nikameza kama pipi. Kwanza si vitamini, ni madini. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku, na kikomo ni 40. Weye uko 100. (Nywele zangu? Zilibaki zile zile, asanteni.)

Zinki ikizidi, utumbo hutengeneza protini ya metalothioneini, nayo hushika shaba kuliko inavyoishika zinki. Seli za utumbo zikipukutika, shaba hiyo yaenda nazo chooni. Bila shaba hakuna seruloplasmini (protini ya damu ibebayo shaba) ya kufanya kazi, na hiyo ndiyo hukigeuza chuma kikapakiwa kwenye transferini, protini inayokisafirisha mwilini. Kwa hivyo chuma unacho, ila hakitoki ghalani. Kuongeza vidonge ni kushusha makontena bandarini Kilindini na malori yamegoma. Miezi yapita, kila mtu atazama hemoglobini, na ganzi yapanda magotini. Damu hurudi baada ya wiki 4 hadi 12 za kutibiwa; mishipa ya fahamu yaweza isirudi sawasawa. Hapo ndipo hasara ilipo, si kwenye pesa za vidonge.

Na wakikutoboa mfupa kupima uboho, jihadhari: ukosefu wa shaba hufanana mno na mielodisplasia, ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza chembe za damu sawasawa. Ganzi nayo hufanana na ukosefu wa vitamini B12, basi ipimwe pia.

Omba vipimo vitatu kwa damu ya kutolewa mara moja: shaba, seruloplasmini, zinki. Chupa ya kutilia damu iwe ile maalumu ya kupimia madini adimu, si yoyote tu. Ukiwa na homa, au wameza tembe za uzazi zenye estrojeni, mwambie daktari, kwani seruloplasmini hupanda na majibu hudanganya. Dozi ya shaba apange yeye, usijinunulie.

Ulikuwa umeuliza chakula. Maini, korosho na simsim vina shaba, ila havifui dafu mbele ya zinki hiyo. Acha leo, na hicho kichupa nenda nacho kliniki wakisome lebo.