Uliza Mkunga: Wifi ana mimba na macho yamegeuka manjano

SWALI: Shikamoo mkunga. Wifi yangu ana mimba ya miezi 7, wiki nzima hata chai haikai tumboni, anatapika tu, na juzi nikaona macho yamegeuka manjano na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Mama mkwe anasema ni nyongo, anamchemshia mizizi. Kliniki walishampima homa ya ini B wakasema hana, basi tukatulia. Hapa Garissa maji tunanunua ya mkokoteni wa punda. Tungoje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msingoje, mpeleke leo leo, tena hospitali kubwa yenye wodi ya wazazi na damu ya kuongeza. Hicho kipimo ni cha B peke yake, hakisemi kitu kuhusu homa ya ini E, hiyo ni kirusi kingine kabisa na huingia kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi. Watu wengi wakiipata wanapona wenyewe, ndiyo maana jirani atakwambia mbona mimi nilikuwa manjano nikapona, lakini mwenye mimba iliyofika miezi 3 ya mwisho ni mambo mengine, kati ya 100 wanaougua wanaweza kufa hata 20 mpaka 25, ini linafeli ghafla na mtoto naye anaweza kufia tumboni. Na si mambo ya mbali jamani, kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapa hapa Garissa, ilizuka 2012, na Kitgum kule Uganda kuanzia 2007 waliugua watu zaidi ya 10,000.

Mizizi naomba sana mama aiache, ini limeshachoka, msilibebeshe mzigo mwingine. Hata panado asimeze mpaka daktari aseme. Akianza kulala ovyo, kuongea visivyoeleweka au fizi kutoka damu, hiyo ni emajensi hata kama ni saa nane usiku.

Nyumbani chemsheni maji yatokote kabisa, wote, maana alichokunywa yeye nanyi mmekunywa, na huu ugonjwa unakaa wiki 2 hadi 10 ndipo uonekane. Mikono kwa sabuni kila mkitoka choo. Chanjo ipo, Bentiu huko Sudan Kusini 2022 walichanjwa hata wajawazito, ila haimsaidii aliyekwisha ugua.

Beba kadi yake ya kliniki, na ukifika usiseme tu anatapika, sema macho ni manjano, mkojo kama chai ya rangi, mimba miezi 7, na wampime malaria pia.