Mwanga mpotevu katika darubini za jua zilizo angani: kwa nini rangi nyeusi haitoshi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini darubini ya jua iliyo angani, pasipo na hewa ya kutawanya mwanga, bado hutoa picha zenye utando wa mwanga usiotakiwa, na kama kulipaka bomba lake rangi nyeusi ndani kusingetosha. Mimi hufundisha maabara ya mwanga katika chuo kimoja hapa Nairobi, na wanafunzi wangu hufanya kazi na picha za SOHO na SDO, setilaiti mbili za kuchunguza jua, ambazo hutolewa bure kwa umma, kwa hiyo suala hili ninaishi nalo.

Kuikimbia hewa hukuondolea chanzo kimoja tu. Vingine vyote vimo ndani ya chombo chenyewe: ukwaru wa kioo, chembe zilizotua juu yake, kingo za matundu na kuta za bomba. Korona, yaani gesi hafifu inayolizunguka jua, ikiwa karibu na ukingo wa jua hung'aa kiasi cha sehemu moja kwa milioni ya mng'ao wa uso wa jua, na kadiri unavyokwenda nje hushuka hadi sehemu moja kwa bilioni na chini ya hapo. Rangi nyeusi nzuri bado hurudisha asilimia chache ya mwanga unaoipiga. Ukilinganisha tarakimu hizo utaona kwamba rangi ni kinga ya mwisho, si ya kwanza. Kinga ya kwanza ni mpangilio: uso unaoonwa na kamera usipigwe na jua, na uso unaopigwa na jua usionwe na kamera. Ndiyo sababu ndani ya bomba hupangwa pete zenye kingo kali kama wembe. Zetu za maabara zilitengenezwa na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mitaani, wa Kamukunji hapa Nairobi, na kazi yao ilikuwa safi kabisa.

Kinachosumbua zaidi ni difraksheni, yaani kupinda kwa mwanga unapopita ukingoni. Katika miaka ya 1930, mwanaastronomia Bernard Lyot, akiwa kwenye kituo cha Pic du Midi huko Ufaransa, aliifunika taswira ya jua ndani ya darubini, kisha akaweka kizuizi pale ambapo ukingo wa lenzi ya kwanza hujitokeza tena kama taswira, akaukata mwanga uliopinda hapo. Koronagrafu (darubini zinazoliziba jua ili korona ionekane) za C2 na C3 za SOHO, setilaiti iliyorushwa Desemba 1995, huliziba jua kabla halijafikia lenzi. Hata hivyo, ukingo wa kizibo nao hupinda mwanga. Ukiweka kisahani kimoja mbele ya taa kali utaona pete angavu ikikizunguka. Ukiongeza cha pili nyuma yake, ndani ya kivuli cha kwanza, pete hiyo hufifia waziwazi. C3 hutumia visahani vitatu kwa sababu hiyo hiyo.

Umbali nao husaidia sana. Proba-3 ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024, ni vyombo viwili vinavyoruka kwa umbali wa mita 150 hivi, kimoja kikibeba kisahani cha kipenyo cha mita 1.4 na kingine kamera. Kwa mpangilio huo korona huonekana karibu mno na ukingo wa jua, jambo ambalo kizibo kilichofungwa kwenye bomba fupi hakiwezi kulifikia. Kwangu mimi, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote za miaka ya karibuni.

Kuhusu vioo, mwanga unaotawanywa huongezeka kwa mraba wa uwiano kati ya ukwaru na urefu wa wimbi. Kwa ukwaru uleule, urujuanimno (mwanga wa wimbi fupi usioonekana kwa macho) wa nanomita 17.1 hutawanyika takriban mara 850 zaidi ya mwanga wa kijani wa nanomita 500. Usafi nao ni lazima, kwani chembe huongeza mtawanyiko, na mvuke wa gundi na plastiki hugandishwa juu ya kioo na urujuanimno wa jua. Sisi tunaofanya kazi na vumbi la Nairobi tunajua jinsi lenzi iliyoachwa wazi inavyozungukwa na utando wa mwanga baada ya muda mfupi.

Kinachobaki baada ya yote hayo hupimwa, kisha huondolewa kwa hesabu. Zuhura ilipopita mbele ya jua tarehe 5 na 6 Juni 2012, duara lake lilipaswa kuwa jeusi tii katika picha za SDO. Mwanga wowote ulioonekana humo ulikuwa mpotevu, na kutokana nao watafiti walikadiria jinsi darubini inavyotawanya nuru. Zuhura haitapita tena hadi Desemba 2117, lakini mwezi hulikatiza jua mbele ya SDO mara kadhaa kila mwaka. Anza na picha za siku hizo: pima mng'ao ndani ya kivuli cha mwezi, karibu na ukingo na mbali nao, kisha uulinganishe na mng'ao wa jua lililo jirani.